Seti ya Kiebrania ya shilingi 600: kadi nunua, kijitabu kinataka kalamu nyekundu

Seti hii ya kujifunzia Kiebrania imeanza kuonekana kwenye meza za wauza vitabu wa kando ya barabara mjini Kisumu na Nakuru, imelazwa kati ya Biblia za mtumba na vitabu vya marudio vya KCSE. Kwa shilingi 600 unapata kijitabu cha kurasa 56, ukubwa wa nusu ya karatasi ya A4, na kadi 100 zilizofungwa kwa mpira. Ukibembeleza vizuri inashuka hadi 500. Hakuna jina la mwandishi wala la mchapishaji, kwa hiyo ukikuta kasoro hakuna wa kumpigia simu. Na kasoro zipo.

Kabla hujatoa pesa, fungua ukurasa wa maamkizi na utafute neno la kwanza, shalom. Kiebrania huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na herufi tano kati ya 22 hubadilika umbo zinapokaa mwisho wa neno: kaf, mem, nun, pe na tsadi. Mem ya mwisho ni kama kisanduku kilichofungwa pande zote, ם, na mwisho wa neno la Kiebrania ni upande wa kushoto. Shalom iliyo sawa ni hii: שלום, kisanduku kikiwa kushoto kabisa. Ukikuta kisanduku kimekaa kulia, hivi: םולש, jua kompyuta ya mpiga chapa iligeuza neno kichwa kikawa mkia. Nakala za jalada la kijani zina tatizo hilo kwenye kurasa nzima za mwanzo. Za jalada la buluu ziko sawa. Muuzaji hawezi kukuambia tofauti kwa sababu kwake zote ni kitu kimoja, na bei ni moja.

Jambo la pili la kukagua palepale mezani ni nukta. Nakala nyingi ni fotokopi ya fotokopi, na katika Kiebrania nukta moja ikipotea sauti inabadilika. בּ yenye nukta tumboni ni b, ב isiyo nayo ni v. כּ ni k, כ ni kh. פּ ni p, פ ni f. Herufi yenye meno matatu, ש, ikiwa na nukta juu ya jino la kulia ni sh, juu ya jino la kushoto ni s. Shika ukurasa wa 4 uuelekeze kwenye mwanga. Kama huoni nukta ndani ya bet, rudisha uchukue nyingine.

Lakini lawama kubwa kwa kijitabu hiki haiko kwenye chapa. Iko kwenye safu ya matamshi. Aliyeitayarisha aliichukua mzimamzima kutoka kwa vitabu vilivyoandikiwa Waingereza, kisha akatia maana za Kiswahili pembeni. Matokeo yake ni kwamba msomaji wa Kiswahili anapelekwa safari ndefu kufika nyumba ya jirani.

Chukua kadi ya mkate. Mbele ina לֶחֶם kwa herufi nzito, nzuri kabisa. Nyuma imeandikwa "lechem (leh-chem)". Mtu wa Luanda au Bondo, huku magharibi mwa Kenya, akisoma hapo atasema "lechemu", ch ya chai, na u ndogo imejibandika mwishoni. Makosa mawili ndani ya silabi mbili, na hakuna lililo lake. Herufi ח na כ isiyo na nukta zina sauti ambayo Kiswahili kimeiandika siku zote: kh, ile ya kheri, ya sabalkheri, ya Khadija. Neno ni lekhem, mkazo kwenye LE, na midomo inafungwa kwenye m bila kuongeza chochote. Ndilo neno lililo ndani ya Bethlehemu: beit lekhem, nyumba ya mkate. Ungedhani kijitabu kinachouzwa kati ya Biblia kingetaja hilo. Hakitaji.

Hali ni hiyo kurasa zote. "Baruch", "Pesach", "chaim", "boker tov" sawa, "slicha" tena. Kila ch isiyo ya chai ifanywe kh na nusu ya kijitabu itakuwa imepona: barukh, pesakh, khayim, slikha. Kuna pia "eretz" na "mitzvah". Msomaji wetu ataona z ataitamka z, ilhali צ ni ts, ulimi ukianza kwenye t na kumalizia kwenye s: erets, mitsva. Zile h zinazoning'inia mwishoni, "todah", "Torah", hazitamkwi. Andika toda, Tora, usonge mbele.

Na J. Kiebrania hakina sauti ya j ya jambo. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili walilijua hilo zamani, ndiyo maana tuna Yerusalemu, Yakobo, Yusufu, Yeremia na Yohana. Kijitabu kinarudi nyuma kinaandika "Jerushalayim" ukurasa mmoja na "Yerushalayim" ukurasa unaofuata. Ni Yerushalayim. Hata ile stika ya Jehovah Jireh inayozunguka kwenye vioo vya matatu vya Kisumu na Busia, neno lake la pili kwa Kiebrania ni yir'e, y mwanzoni, maana yake "ataona". Kuhusu neno la kwanza, kijitabu kinaeleza kwa mstari mmoja tu kwamba יהוה husomwa "Yehova", hapo kimeruka jambo zito. Herufi ni nne: yod, he, vav, he. Wayahudi hawalitamki jina hilo. Wanapolifikia husoma Adonai, na waandishi wa kale walilitilia irabu za kumkumbusha msomaji aseme Adonai. Irabu za neno moja zikasomwa na konsonanti za neno jingine, ndipo umbo la Yehova lilipotoka. Mwanafunzi wa chuo cha theolojia ataulizwa hili katika wiki ya kwanza.

Irabu ndizo zingekuwa habari njema ya kijitabu hiki, kama kingejua kinamwandikia nani. Matamshi ya leo ya Kiebrania yana irabu tano: a, e, i, o, u. Ni zetu zilezile, fupi na safi. Mwingereza anahangaika nazo. Sisi tunazipata bure. Alama zake ni nyingi kuliko sauti. Kistari chini ya herufi, ַ, ni a. Kistari chenye kijimkia, ָ, kwa kawaida ni a vilevile. Nukta mbili zilizolala, ֵ, na nukta tatu za pembetatu, ֶ, zote ni e. Nukta moja chini ni i. Nukta juu ni o. Nukta tumboni mwa vav, וּ, ni u, na nukta tatu za mshazari chini ya herufi, ֻ, ni u pia. Basi. Kijitabu kinaandika "bayn" kwa בֵּן, mwana, na mtu anasoma "bayin". Ni ben.

Kuna mitego miwili ambayo kijitabu chenyewe kimetumbukia. Wa kwanza ni ile ָ ambayo mara chache husomwa o. Neno כָּל, "yote", ni kol. Neno חָכְמָה ni khokhma, na ni ndugu wa hekima yetu. Kijitabu kimeandika "chachma", yaani aliyeandika alifuata jedwali bila kulijua neno. Wa pili ni irabu inayoiba zamu. Neno likiishia kwa ח yenye kistari cha a chini yake, hiyo a inatamkwa kabla ya kh, si baada. רוּחַ ni RU-akh. Si "rucha" kama kadi namba 71 inavyodai, wala si "ruaka" inayosikika kwenye mahubiri mengi, utadhani watu wanaelekezwa Nairobi kupanda gari la Ruaka. Nuhu naye kwa Kiebrania ni NO-akh, na mwezi wa angani ni ya-RE-akh.

Mkazo haukuandikwa popote, na hili linaumiza zaidi ya yote. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho bila kuuliza. Kiebrania mara nyingi hukaza ya mwisho: sha-LOM, to-DA, sli-KHA, be-va-ka-SHA, sha-BAT. Ukisema to-da kwa mkazo wa Kiswahili utaeleweka, lakini utasikika kama mtalii wa siku ya kwanza. Upande wa pili kuna kundi kubwa la maneno mafupi yanayokaza mwanzo, nayo yanatujia kirahisi: ME-lekh mfalme, SE-fer kitabu, YE-led mtoto wa kiume, MA-yim maji, BA-yit nyumba, LAY-la usiku. Kanuni ya kukadiria: neno la silabi mbili lenye e-e, kama melekh, hukaza mwanzo. Mengine, jaribu mwisho kwanza.

Kwa watu wa Nyanza kuna neno moja la ziada. Dholuo haina sh wala z za asili, na mzee aliyekulia humo anaweza kusema "salom" bila kujua. Katika Waamuzi 12, watu wa Gileadi walimtambua Mwefraimu kwenye vivuko vya Yordani kwa sauti hiyohiyo: aliambiwa aseme shibolethi, akasema sibolethi, ikawa ndiyo mwisho wake. Siku hizi atarekebishwa tu. Lakini ש ni herufi inayojitokeza kila mahali, kwa hiyo afadhali azoeshwe mapema kwa kushindanisha jozi: sar (waziri) na shar (anaimba), sam (aliweka) na sham (pale).

Sasa kadi. Hizi zinastahili pesa. Karatasi ni nene kama manila, herufi zina urefu wa karibu sentimita mbili, irabu zimewekwa mahali pake, na maneno yamechaguliwa na mtu mwenye busara: mwili, jamaa, chakula, wakati, vitenzi kumi na vitano vya kila siku. Pengo ni moja. Kadi za herufi ni 22, zile tano za mwisho wa neno hazipo. Mtu anajifunza herufi wiki nzima, anafika kwenye shalom, anakuta kisanduku ambacho hajawahi kukiona. Kata vipande vitano vya manila ujichoree: ך ם ן ף ץ. Dakika kumi, kazi imekwisha.

Zikiwa mkononi, usizifuate kwa mpangilio wa alfabeti. Herufi zinazofanana zikija siku moja zitachanganyikana kichwani: ד na ר (dalet ina kona kali nyuma, resh imejipinda), ה na ח (he ina mwanya juu kushoto, khet imefungwa), ב na כ (bet ina kisigino kinachotokeza kulia), ו na ז na ן, ס ya duara na ם ya pembe. Tenganisha kila jozi kwa siku tatu. Tano kwa siku zinatosha. Aliyepita madrasa, iwe Mumias au Kisumu mjini, ana mtaji mkubwa hapa: alif na alef, ba na bet, dal na dalet, lam na lamed, mim na mem, ain na ayin. Maumbo ni mengine lakini majina na mpango ni wa ukoo mmoja, hata mwendo wa kulia kwenda kushoto hautamsumbua. Kwa wasomaji wa Biblia, Zaburi 119 ni zoezi la bure: sehemu 22 za mistari minane minane, na katika Kiebrania mistari yote ya sehemu moja huanza kwa herufi moja, kutoka alef hadi tav.

Kitu ambacho kijitabu hakikukigusa kabisa, na kingempa mnunuzi wa hapa maneno hamsini bila jasho, ni undugu wa maneno. Kiswahili kilichukua maneno mengi kwa Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni watoto wa nyumba moja. Damu ni dam. Nafsi ni nefesh. Roho ni ruakh. Kaburi ni kever. Malaika ni mal'akh. Mauti ni mavet. Angalia pia jinsi s yetu inavyogeuka sh kule: salamu na shalom, saba na sheva, rangi ya samawati na shamayim, yaani mbingu. Hesabu ndiyo inafurahisha zaidi. Sita ni shesh, tisa ni tesha, kisha makumi yanakuja kwa mstari: ishirini esrim, thelathini shloshim, arobaini arba'im, hamsini khamishim, sitini shishim, sabini shiv'im, themanini shmonim, tisini tish'im. Mia ni me'a, elfu ni elef. Mama anayehesabu chenji pale soko la Kibuye anajua nusu ya hesabu za Kiebrania bila kujua kwamba anazijua.

Undugu huo una vinyago vyake. Dag ni samaki na dagim ni samaki wengi. Watu wa Kisumu watacheka kwa sababu omena ndio dagaa, lakini hiyo ni bahati tu, hakuna ujamaa. Isha ni mwanamke. Mi si mimi, ni "nani". Mimi ni ani. Hu ni yeye wa kiume, hi ni yeye wa kike. Na knisa, כניסה, inayoandikwa milangoni, ni "kuingia". Kanisa ni knesiya. Yametoka kwenye mzizi mmoja wa kukusanya na kuingiza, lakini ukifuata kibao cha knisa ukidhani unaenda ibadani utajikuta kwenye maegesho ya magari.

Ukurasa wa 31, siku za juma, uchanwe. Kimeandikwa "yom rishon: Jumatatu", na kuanzia hapo kila siku imesogea hatua moja. Yom rishon ni siku ya kwanza na ni Jumapili. Yom sheni, ya pili, ni Jumatatu, shlishi Jumanne, revi'i Jumatano, khamishi Alhamisi, shishi Ijumaa, shabat Jumamosi. Chanzo cha kosa kinaeleweka, kalenda nyingi za ofisini huanzia Jumatatu. Namba za Kiswahili nazo zinapoteza mtu kwa sababu sisi tunahesabu kutoka Jumamosi: Jumatatu yetu ina tatu, yao ina pili. Shikilia Alhamisi. Hapo peke yake hesabu mbili zinakutana, maana al-hamisi na khamishi zote ni "ya tano". Hata hivyo Wasabato, ambao ni wengi Nyanza na Kisii, hawatakuwa na shida na siku ya mwisho.

Sarufi imepewa kurasa mbili na imeachwa uchi. Inasema "tov" ni nzuri, ikaishia hapo. Kumbe msomaji wa Kiswahili ndiye anayeelewa upatanisho kuliko mtu yeyote. Sisi tunasema mtoto mzuri, watoto wazuri, tukibadilisha mbele ya neno. Kiebrania kinabadilisha mkia: yeled tov, yalda tova, yeladim tovim, yeladot tovot. Ngeli ni mbili tu, kiume na kike, na wingi kwa kawaida ni -im na -ot. Wakaidi wapo. Avot, mababa, wamevaa mkia wa kike. Nashim, wanawake, wamevaa wa kiume. Lakini kivumishi hufuata jinsia halisi. Maneno madogo hugandishwa mbele: ha- ni ile ya kutaja kitu kinachojulikana, ve- ni na, be- ni katika, le- ni kwa. Kwa hiyo והמלך, ve-ha-melekh, haitapatikana chini ya vav kwenye kamusi yoyote. Ondoa viambishi kwanza, kisha tafuta.

Kijitabu pia kinadai Agano la Kale lote liliandikwa kwa Kiebrania. Sehemu za Danieli, kuanzia 2:4 hadi mwisho wa sura ya 7, na vipande vya Ezra, ni Kiaramu.

Anayesafiri kwenda kufanya kazi mashambani au kuhiji asitegemee seti hii peke yake. Vibao vya Israeli havina irabu, na maneno ya vibaoni hayamo humu hata moja. Ongeza kadi zako: סכנה sakana, hatari, יציאה yetsi'a, mahali pa kutokea, עצור atsor, simama, שירותים sherutim, choo, מקלט miklat, kimbilio wakati wa king'ora. Na kama utasoma maandishi ya mkono ya msimamizi, fahamu kwamba mwandiko wa mkono una maumbo yake, alef na shin hasa hazifanani kabisa na za chapa.

Sauti haimo, hilo halishangazi kwa bei hii. Simu itasaidia: programu nyingi za tafsiri hukusomea Kiebrania ukibandika neno, na kibodi ya Kiebrania inaongezwa kwenye mipangilio ya lugha ya simu bila malipo. Bandika neno lenye irabu zake, kwa maana lisilo nazo simu nayo hukisia, na wakati mwingine hukosea vilevile kama kijitabu.

Muuzaji akikubali kukutenganishia, kadi peke yake kwa shilingi 350 ni bei ya haki. Wengi wanakubali, hasa jioni.